Vidonge Vyeupe Ambavyo Sikuviita Dawa

Kama umepasuliwa rovu, unameza kidonge chako kila asubuhi kama ulivyoambiwa, na bado unatetemeka kwa baridi wakati wenzako wanajipepea, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari. Jina langu ni Nafula, mzaliwa wa Bungoma niliyeolewa Kampala, na kazi yangu ni kuuza nguo za mitumba za watoto katika soko la Owino. Elimu ya dawa sina. Nina madaftari mawili ya hospitali yaliyojaa mwandiko wa watu wengine, na kichwani nina yale ambayo hayakuandikwa humo.

Rovu lilianza nilipokuwa na mimba ya binti yangu Nanjala. Mwanzoni lilikuwa kama pera, nikalifunika kwa kitambaa. Nanjala alipoanza shule lilikuwa limenibana koo kiasi kwamba ugali ulinipita kwa kusukumwa na maji. Mume wangu, Wafula, fundi wa majenereta, alinipeleka hospitali moja hapa mjini. Sitaitaja, maana watu wake walinitendea mema mengi, na penye kosa, kosa lilikuwa letu sote.

Nilipasuliwa mwezi wa kwanza, kiangazi, vumbi jekundu likiingia hata wodini. Daktari aliitoa tezi yote ya shingoni, ile iliyokuwa imevimba ikawa rovu. Siku ya kuniruhusu aliweka chupa ndogo mkononi mwangu.

"Sasa huna tezi," alisema. "Kidonge hiki ndicho tezi yako. Utakimeza kila asubuhi, tumbo likiwa tupu, siku zote za maisha yako. Ukiacha, utazimika polepole kama jiko lisilochochewa."

Sikuacha hata siku moja. Nataka ulijue hilo tangu sasa, kwa sababu ilifika wakati hakuna aliyeniamini.

Hadi Pasaka nilikuwa mzima. Kovu lilikuwa limekauka likawa mstari mwembamba, na wateja wangu walikuwa wamezoea kuiona shingo yangu. Shida ilikuwa kiungulia. Nilikuwa nacho tangu zamani, lakini sokoni tunakula kikomando, chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage, na mimi nilikuwa naipenda yangu na pilipili nyingi, kisha chai ya rangi iliyokolea. Mvua za mwezi wa nne zilipoanza, moto wa kifua ukawa haunipi nafasi. Nilikuwa nikikaa kibandani nimeukumbatia mkoba kama mtu aliyeibiwa.

Jirani yangu sokoni alikuwa Hajati Zainabu, Mnubi wa Bombo, ambaye babu yake mzaa babu alikuja na jeshi kutoka Sudan. Aliuza mikeka na masufuria. Miaka tisa tulikuwa tumekaa bega kwa bega. Mmoja akienda kuswali au kuchota maji, mwenzake anauza pande zote mbili.

"We Mama Nanjala," aliniambia, "kifua kinawaka?"

"Kinaungua, Hajati."

Alifungua fundo la leso yake, akatoa kikaratasi cha gazeti. "Tafuna hizi. Ni magnesiamu. Mimi bila hizi ningekuwa nimekufa."

Vilikuwa vidonge vikubwa, vyeupe, vyenye ladha ya chaki na peremende. Kabla sijamaliza kukunja nguo zilizokuwa mbele yangu, moto ulikuwa umezimika. Nilimshukuru kama mtu aliyetolewa mwiba.

Kuanzia siku hiyo nilinunua vyangu. Vinauzwa kila mahali, karibu na peremende na viberiti. Nikagundua kwamba nikitafuna viwili alfajiri, kabla ya chai, kiungulia hakinianzi kabisa. Basi nikaunganisha: kidonge cha tezi na vile viwili vyeupe, kwa kikombe kimoja cha maji, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kutoka. Mchana viwili tena, na jioni viwili. Nilijiona mwerevu.

Shule zilipofungwa mwezi wa nane, baridi ilikuwa imeniingia. Sisemi baridi ya Kampala baada ya mvua. Hii ilikuwa inatoka ndani ya mifupa. Nilichomoa koti zito la kiume kutoka kwenye robota la mitumba, koti la nchi za theluji, nikalivaa sokoni saa saba mchana. Wateja walicheka, nami nikacheka nao. Kisha ngozi ikawa kama msasa. Nyusi zikapukutika kuanzia pembeni. Uso ukavimba hata macho yakawa madogo. Choo kilinikataa siku tano, sita. Sauti yangu, ambayo ndiyo mtaji wa mwuza mitumba, ikawa nzito na ya kukwaruza. Nikiita "watoto hapa, watoto hapa," watu waligeuka kumtafuta mwanamume.

Baya zaidi lilikuwa akili. Mawazo yalinijia polepole, kama mtu anayetembea kwenye matope. Siku moja nilichukua sweta ya shule ya Nanjala nyumbani ili nishone kifungo, nikaiweka juu ya meza ya biashara, nikaiuza. Niliiuza kwa mama mmoja wa Mengo, nikamfungia vizuri, nikamwambia arudi tena. Jumatatu Nanjala alitafuta sweta nyumba nzima. Nilipokumbuka nilikaa kitandani nikashindwa hata kulia.

"Umeuza sweta ya mtoto wako?" Wafula aliuliza. Hakupaza sauti. Alilirudia swali hilo mara mbili, kama mtu anayejaribu swichi isiyowaka.

Tulikuwa tunakaa Bukoto, ghorofa ya tatu. Zamani nilipanda ngazi zile na ndoo ya maji kichwani. Sasa nilipumzika kila kituo, na cha pili nilikaa chini. Majirani walinipita wakisema, "Mpola nyabo, mpola," yaani polepole mama, na mimi nilijifanya nasubiri mtu.

Kliniki yetu ilikuwa Jumanne. Ukifika unapewa namba iliyoandikwa kwenye kipande cha boksi, unakaa kwenye benchi la mbao, na kila mmoja akiitwa mnasogea, mnasogea, mpaka joto la wote mliowafuata limo kwenye mbao zile. Nililipenda benchi lile kwa sababu hiyo. Walinitoa damu, majibu yakaja baada ya wiki.

"Unameza dawa?" daktari aliuliza.

"Nameza."

"Kila siku?"

"Kila siku, daktari."

"Damu yako haisemi hivyo." Akaongeza dozi.

Nilirudi msimu wa nsenene, wakati Kampala nzima inakaanga panzi na kuwauza kwa vikombe barabarani. Damu ilikuwa vilevile. Akaongeza tena. Nikarudi baada ya Krismasi. Safari hii aliweka kalamu chini.

"Mama, hebu tuambizane ukweli. Dozi hii ni kubwa. Damu yako ni ya mtu asiyemeza kitu. Damu haidanganyi."

"Naapa kwa Mungu, nameza."

Aligeuza ukurasa wa daftari langu. "Kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?"

"Hapana," nilisema.

Mkoba ulikuwa mapajani mwangu. Ndani yake, kwenye karatasi ya gazeti, mlikuwa na vidonge vyeupe visivyopungua kumi. Sikumdanganya. Kwangu mimi dawa ilikuwa kitu ulichoandikiwa na daktari, kikiwa na jina lako kwenye bahasha. Vile vilikuwa vitu vya dukani, kama chumvi. Nimeiwaza dakika ile kuliko hata siku ya kupasuliwa.

Wafula aliambiwa anisimamie. Basi kila jioni, akiwa bado na mafuta ya mashine kwenye kucha, alimwaga vidonge vya tezi kwenye sahani akavihesabu. Hakuna kitu kilichowahi kuniuma kama kusikia vikigonga ile sahani. Nilimpikia, nikamfulia, naye alinihesabu. Lakini hesabu ilikuja sawa, jioni baada ya jioni, na niliona hasira yake ikigeuka kuwa kitu kingine. Alianza kuogopa. Akampigia simu kaka yake.

Mwezi wa tatu, mvua zikianza, habari zilikuja kutoka Bungoma: mama yangu ameteleza kwenye matope akavunjika mguu. Mimi ndiye binti yake wa pekee. Wafula alisema siwezi, mimi mwenyewe ni mgonjwa. Nilisema nitakwenda hata kwa kutambaa. Nilipanda basi la Malaba na koti langu la theluji, na chupa ndogo ya vidonge vya tezi kwenye sidiria isipotee. Vidonge vyeupe nilivisahau sokoni, kwenye msumari ninapotundika mkoba.

Kwa mama hakuna duka karibu. Hakuna kikomando wala pilipili. Tulikula ugali wa wimbi na mrenda, na chakula cha jioni kililiwa jua likiwa bado linaonekana. Kifua kiliwaka siku tatu za kwanza, kisha kikapoa chenyewe. Asubuhi nilimeza kidonge cha tezi na maji, nikaenda kumwosha mama, na chai tuliinywa pamoja baadaye sana.

Wiki ya tatu niliamka nikavua sweta bila kufikiri. Ilikuwa imeanguka sakafuni ndipo nikatambua nilichofanya. Choo kikafunguka. Wiki ya tano nilimbeba mama kutoka kitandani hadi uani peke yangu, na mama yangu si mwanamke mwembamba. Nilimweka kwenye kiti juani, naye akanishika viganja.

"Nafula," alisema, "mikono yako imepata moto."

Nilikaa wiki saba. Siku ya kuondoka nilijitazama kwenye kioo chake kidogo nikaona nyusi zimeanza kuchipua, fupi fupi, kama nyasi baada ya moto. Bukoto nilipanda ghorofa tatu na gunia la viazi vitamu bila kusimama. Wafula alikuwa mlangoni. Alicheka, akashika ukuta, akacheka tena mpaka machozi.

Furaha hiyo ilidumu kama mwezi. Nilirudi sokoni, maharage yakarudi, chai iliyokolea ikarudi, moto ukarudi, na vidonge vyangu vyeupe vilikuwa vinaningoja kwenye msumari. Nikarudia desturi yangu ya zamani: kimoja cha tezi, viwili vyeupe, kikombe kimoja cha maji. Katikati ya mwezi wa saba nilikuwa nimekaa tena kwenye kituo cha pili cha ngazi, nikijifanya nasubiri mtu.

Hapo ndipo alipokuja shemeji Simiyu, kaka mkubwa wa Wafula. Alikaa kwenye kochi letu, akanywa chai, akasema kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionitisha.

"Mwaka mzima yuko Kampala anaugua. Wiki saba nyumbani, amepona. Amerudi, anaugua tena. Wafula, hata mtoto mdogo anaona hapo kuna mkono wa mtu."

"Mkono wa nani?" Wafula aliuliza.

"Nani anakaa naye kutwa? Nani anampa vitu ale?"

Hakumtaja. Hakuhitaji. Wafula alinitazama, na mimi nilijua wote wawili wanamwona Hajati Zainabu akifungua fundo la leso.

Uamuzi wao ulikuwa huu: nirudi Bungoma nikae huko moja kwa moja. Nanjala abaki kwa ajili ya shule. "Na wewe," Simiyu alimwambia ndugu yake, "mwanamume hawezi kukaa na nyumba baridi hivi." Nilielewa maana yake: aoe mwingine. Nilikuwa na majibu mengi kwa maneno yale, lakini hayakuja. Majibu yalikuja kesho yake, nikiwa naosha vikombe, na Simiyu alikuwa ameshavuka mpaka kurudi Kenya. Hivyo ndivyo ugonjwa huu unavyofanya: unakunyang'anya hata ugomvi wako mwenyewe.

Wafula alikwenda sokoni bila kuniambia. Sijui alitumia maneno gani. Najua tu kwamba siku iliyofuata Hajati Zainabu alikuwa amegeuza kiti chake, mgongo ukiwa kwangu. Nilimsalimu, akaitikia bila kugeuka. Miaka tisa. Wiki nzima nilitazama mgongo ule na fundo la leso ile.

Jumanne ya mwisho kabla ya safari nilikwenda kliniki kuomba barua, ili hospitali ya Bungoma inipe dawa. Daktari hakuwepo. Nikatumwa kwenye dirisha la dawa, kwa mwanamke tuliyemwita Nalongo, kwa kuwa alikuwa amezaa mapacha. Alikuwa mtu wa Masaka, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Baba yake alikuwa polisi, na Kiswahili alikiokota kwenye kambi, kile cha Kampala ambacho l na r zinabadilishana viti.

Alifungua daftari langu, akasoma, akasoma tena.

"Nyabo, hii dawa ni mingi sana kwa mutu moja. Na barua ya Bungoma ya nini?"

Nilikuwa nimechoka kuficha. Nikamweleza pale dirishani, watu wakiwa nyuma yangu: kwamba Bungoma napona, Kampala naugua, na kwamba nyumbani wanasema nimerogwa.

Nalongo hakucheka. Alifungua mlango wa pembeni. "Ingia. Kaa kwa hiyo boksi."

Nilikaa juu ya boksi la maji ya drip.

"Sasa niambie siku yako yote. Kutoka kuamuka. Usiluke kitu."

"Naamka. Naosha uso. Nameza kidonge cha tezi."

"Na nini?"

"Na maji."

"Maji tu?"

"Maji na vile vyeupe."

"Vyeupe gani?"

Nilifungua mkoba nikamwonyesha karatasi ya gazeti. Nalongo alivua miwani. Akapiga makofi mara moja, viganja vikabaki vimeshikana.

"Banange! Na kule Bungoma ulikuwa unakula hii?"

"Hapana. Niliviacha sokoni."

Nilijisikia nikisema maneno hayo. Hata akili yangu ya matope ililiona jambo lile kabla hajalieleza.

"Sikia, maama," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hii nyeupe inashika ile ya tezi ndani ya tumbo. Inaishikilia, haiachi iingie kwa damu. Wewe unameza dawa, ndiyo. Lakini dawa inapita tu, inaenda choo."

"Zaidi ya mwaka?"

"Zaidi ya mwaka."

Nililia nikiwa nimekaa juu ya lile boksi, na sikulia kwa huzuni. Nililia kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amesema kwamba nilikuwa nameza.

Aliniandikia kwenye daftari kwa herufi kubwa. Kidonge cha tezi saa kumi na mbili asubuhi, maji matupu. Chai baada ya saa nzima. Vidonge vyeupe, kama kifua kinawaka, visiguswe mpaka zipite saa nne tangu kumeza cha tezi; bora ningoje mchana baada ya chakula. Kisha akaninyooshea kidole.

"Na usikae nyumbani ukafurahi tu. Hii dozi waliongeza kwa sababu ilikuwa haiingii. Sasa itaingia yote. Moyo unaweza kukimbia. Usipunguze wewe mwenyewe. Wiki ijayo uje kwa daktari, na damu tutapima tena. Moyo ukianza kuluka kabla ya hapo, usingoje, kuja."

Wiki iliyofuata daktari alikuwa ameshasikia yote kutoka kwake. Alinikaribisha kwa kusimama, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Nilikuuliza kama kuna dawa nyingine," alisema.

"Uliniuliza. Sikujua kama hii ni dawa."

"Na mimi sikukuuliza kama una kiungulia." Akavuta daftari langu. "Nilikwambia damu haidanganyi. Kweli haikudanganya. Lakini na wewe hukudanganya. Nisamehe, mama."

Nimekutana na watu walionisimulia kwamba madaktari wao hawajawahi kuomba radhi. Wangu aliomba, na akapunguza dozi siku ileile, akanipa tarehe ya kupimwa damu.

Lakini nimeruka. Siku ile ya Nalongo sikwenda nyumbani kwanza. Nilishuka moja kwa moja hadi Owino, nikazunguka nikasimama mbele ya Hajati Zainabu mahali ambapo hangeweza kunigeuzia mgongo.

"Hajati, nimejua ni nini."

Nilimweleza yote, na daftari nikamwonyesha. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja ukiwa juu ya sufuria. Kisha akaweka mkono ule kichwani.

"Ya Allah. Kwa hiyo waliosema ni mimi walisema kweli."

"Ulinipa dawa nzuri, Hajati. Mimi niliimeza saa mbaya."

"Mimi ndiye nilikupa."

"Na mimi ndiye nilikuwa naungua. Ungeniacha niungue?"

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya leso, kisha nikaona uso wake umebadilika. Alifungua mfuko wake, akatoa bahasha ya vidonge vyekundu.

"Na hivi je? Vya kuongeza damu. Miezi minane wananipa, na kila nikipimwa wanasema damu haipandi. Nameza pamoja na magnesiamu, ili visinichome."

Tulitazamana. Jumanne iliyofuata tulipanda kilima cha hospitali pamoja, na Nalongo alipotuona wawili dirishani alisema, "Leo umeniletea na mwenzako?" Na kweli, vile vyekundu navyo vilikuwa vinazuiwa na vile vyeupe. Miezi mitatu baadaye damu ya Hajati ilikuwa imepanda.

Nyumbani, Wafula alisoma daftari akiwa amesimama. Alilisoma kama anavyosoma kijitabu cha mashine mpya, kidole kikifuata mstari. Alipomaliza alikaa.

"Nilikuhesabia vidonge," alisema.

"Ulinihesabia."

"Na vilikuwa sawa."

"Vilikuwa sawa siku zote."

Alimpigia kaka yake simu mbele yangu. Nilisikia upande mmoja tu: "Hapana. Mke wangu haendi popote. Nimesema haendi popote." Na Jumamosi alikuja sokoni na ovaroli yake ya kazi, akasimama mbele ya mikeka akiwa ameshika kofia.

"Hajati, nilikukosea. Nilikuja hapa nikasema maneno ambayo..."

"Kaa chini kwanza," Hajati alimwambia. "Unanizibia wateja."

Akakaa. Wakanywa chai ya tangawizi, na mpaka anaondoka alikuwa ameuziwa mkeka.

Mwili ulirudi kwa mpangilio wake wenyewe. Choo kilikuja kwanza. Kisha joto; koti la theluji nililiuza mwezi wa tisa kwa dereva wa lori la Kabale. Kisha akili. Jioni moja Nanjala alikuwa anafanya hesabu, nikamwambia bila kuinua macho kwenye mboga kwamba swali la nne amekosea. Alikagua, akanitazama kama aliyemwona mgeni mlangoni, akakimbia kumwambia baba yake: "Mama amerudi!" Nywele na nyusi zilikuja mwisho. Msimu wa nsenene damu yangu ilikuwa mahali pake, na dozi ilikuwa imeshuka mara mbili. Kiungulia chenyewe nilitibiwa vizuri, nikaaga pilipili na chai ya tumbo tupu. Vidonge vyeupe bado navitumia mara moja moja, mchana, na sina chuki navyo.

Jambo ninalokuomba ni dogo. Wakikuuliza unatumia dawa gani, usijibu kwa mdomo. Mwaga mkoba mezani. Vya duka, vya mizizi, vya jirani, udongo unaotafuna ukiwa mjamzito, vitamini za mtoto ulizozionja, vyote. Waache wao waamue kipi ni dawa. Na kama unameza na hupati nafuu, na wanakwambia humezi, usinyamaze. Tafuta Nalongo wako, umsimulie siku yako tangu kuamka.

Mwezi wa kwanza, kiangazi kingine, mjukuu wa Hajati aliolewa Bombo. Tulikwenda familia nzima. Wanawake wa Kinubi walinifunga gurbaba kiunoni, nguo zao za kujifunga zenye rangi kali, wakanivuta katikati ya duara, ngoma za doluka zikianza. Hajati alisimama mbele ya ukoo wake wote akaninyooshea kidole akapaza sauti: "Mwangalieni huyu! Huyu ndiye walisema nimemroga!" Vigelegele vilipanda. Nilicheza mpaka jasho likanishuka mgongoni, jasho la kweli, likiingia hadi machoni, na Wafula alikuwa pembeni ameshika viatu vyangu. Wapiga ngoma walipokezana mara tatu. Mimi sikumpisha mtu.